Muulize Mama Nesi: "Na wewe, ulichanjwa kweli?"

Toleo lililopita niliwaomba mniandikie jinsi mlivyochanjwa chanjo ya korona: ilikuwa wapi, mkono gani, na usiku ule ulilalaje. Nilitegemea barua nne au tano. Zimekuja za kujaza tenga la dagaa, nyingine zimeandikwa nyuma ya risiti za mnada. Nyingi ni visa tu, lakini ukikigeuza kisa unakuta swali limejificha mgongoni. Nimechagua chache. Majina nimeyaacha, kama kawaida yetu.

*

Shikamoo Mama Nesi. Miaka yote hii unatuhimiza tuchanje, lakini sote tunajua kuna watu walipata cheti bila kuchomwa sindano. Nijibu bila kuzunguka mbuyu: wewe mwenyewe ulichanjwa? Na kama ulichanjwa, ulijisikiaje?
*Fundi baiskeli, Igoma*

Marahaba, fundi. Nilichanjwa. Bega la kushoto, mwanzoni mwa Agosti 2021, hapa hapa Mwanza. Nilikuwa na miaka 62 na presha niliyoishi nayo miaka tisa. Dozi za kwanza, zaidi ya milioni 1 za Janssen, zilitua Dar es Salaam tarehe 24 Julai. Tarehe 28 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera, kisha zikaanza kuja mikoani. Walioanza ni watumishi wa afya, watu wa miaka 50 na kuendelea, na wenye magonjwa ya kudumu. Mimi kwa umri na kwa presha nilikuwa wa mstari wa mbele, sina pa kujificha.

Na nilitaka kujificha. Nimewachoma watu sindano miaka 34, watoto kwa wajawazito, na siku hiyo nilipita geti la hospitali mara mbili bila kuingia. Mara ya kwanza nilijidai nanunua karanga. Mara ya pili nilisimama nikazila zote, moja moja.

Msinicheke. Kumbukeni tulikotoka. Januari ya mwaka ule ule, pale Chato, Rais Magufuli alikuwa ametuambia chanjo hizi si za kuziamini. Alikuwa mtu wetu wa Kanda ya Ziwa. Machi tukamlilia, jeneza lilipopita Mwanza nilisimama barabarani na kanga kichwani kama wengine. Halafu mwaka huo huo tunaletewa mabango ya "Ujanja Kuchanja". Daladala hugeuza pale stendi kwa dakika moja ikarudi ilikotoka. Moyo wa mtu hauna stendi ya namna hiyo. Nyumbani kwangu sufuria la nyungu, lile la kujifukiza, lilikuwa bado lipo jikoni, majani ya mchaichai na mwarobaini yamekaukia ndani.

Nilipoingia nilipewa fomu ya hiari nisaini. Bibi mmoja aliyekaa karibu yangu, ametokea Kayenze, aliishika yake kwa ncha za vidole, akaninong'oneza, "Mwanangu, hapa naandika urithi?" Nikamsomea mstari kwa mstari. Akatia dole gumba, akapangusa wino kwenye kitenge chake, akasema basi, kama ni kufa, amekufa msafi.

Kisha tukakaa. Kichupa kimoja cha Janssen ni dozi tano, na kikishatobolewa kina saa chache tu, hata kikikaa kwenye ubaridi. Sisi tulikuwa watatu. Nesi, binti niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika bomba la sindano enzi hizo, akaniambia kwa aibu, "Mama, tusubiri wapatikane wawili." Fikiria: dawa ambayo dunia nzima inaigombania, na sisi tunasubiri abiria gari lijae. Baada ya dakika 40 hivi alifika mwalimu mstaafu, kisha kijana wa bodaboda akamshusha mama yake mwenye kisukari. Gari likajaa.

Sindano yenyewe ni nusu mililita. Kijiko cha chai kingebeba dozi kumi. Baada ya hapo unakaa kwenye benchi dakika 15, kwa sababu mzio mkali, ambao ni nadra sana, ukija huja upesi, na dawa ya kuukabili iko pale mezani. Lile benchi, fundi, ndilo lililonifundisha zaidi kuliko semina zote nilizohudhuria. Watu watano tusiojuana, kila mmoja anajisikiliza kama anayesubiri radi. Yule mwalimu alikuwa anahesabu mapigo yake kwa saa ya mkononi. Mama wa kisukari akauliza kama anaruhusiwa kucheka. Bibi wa Kayenze ndiye aliyevunja ukimya: akafunua bega la kulia, akatuonyesha kovu la duara, la ndui. Alichanjwa akiwa kigori, anasema, na mtoto wa jirani aliyefichwa uvunguni siku hiyo alikuja kutoboka uso. Ndui ilitangazwa kwisha duniani mwaka 1980. Mwalimu akaacha kuhesabu mapigo.

Sasa la usiku. Saa tatu nikaanza kusikia baridi, saa tano ninatetemeka mpaka kitanda kinalia. Kipimajoto kilisema 38.6. Kichwa, viungo, bega kama nimepigwa na mchi. Mzee wangu alisimama mlangoni na tochi, akasema maneno ambayo kila mwanamke aliyeolewa anayajua: "Si nilikwambia." Nilimeza Panadol, nikanywa maji mengi, asubuhi uji. Siku ya tatu nilikuwa sokoni Kirumba nabishania bei ya sato.

Homa nilishaisamehe zamani. Kinachoniuma ni kwamba yule binti, aliponichoma, aliniambia, "Hutasikia kitu, Mama." Na aliyemfundisha maneno hayo ni mimi. Nimewaambia kina mama maelfu "hutasikia kitu," kwa sababu foleni ni ndefu na mtoto analia. Laiti angesema, "Usiku huenda ukatetemeka, kesho utachoka, keshokutwa utakuwa sawa," Mzee wangu angekosa la kusema pale mlangoni. Badala yake alipata ushindi, akakaa nao miezi mitatu. Alikubali Novemba, kwa Sinopharm, ile ya dozi mbili zinazopishana wiki tatu au nne. Hakupata homa wala nini, alisinzia tu. Mpaka leo anadai ni kwa sababu yeye ni Mkerewe.

Kuhusu vyeti vya kununua: nami nimesikia. Aliyenunua alinunua karatasi, na mwili haujui kusoma.

*

Mama Nesi, niliambiwa ukichanjwa sumaku inanasa begani, na kwamba baada ya miaka miwili wote mtakufa. Mimi sijachanjwa hadi leo. Ni kweli?
*Kijana wa saluni, Mkolani*

Miaka miwili imepita zamani, kijana, na mimi ndiye ninayekujibu.

Ile sumaku niliijaribu mbele ya wajukuu. Sarafu ya shilingi 200 ilinasa begani kwangu, ikanasa pia begani kwa mjukuu ambaye hajachanjwa, ikanasa na kwenye paji la uso la babu yao. Joto la Mwanza na jasho. Tulipopaka poda ikaanguka kwa wote watatu. Wewe unayo poda hapo saluni, jaribu kwa wateja wako.

*

Mwangaluka, mayu. Mimi ni mvuvi wa dagaa, kambi yetu iko upande wa Ukerewe. Timu ya chanjo ilikuja mara mbili tukaifukuza, maana ilitukuta usingizini. Mara ya tatu ilikuja siku za mbalamwezi tunashona nyavu, tukachanjwa kambi nzima, watu 17, isipokuwa mpishi. Mwenzetu mmoja alikuwa porini siku hiyo, akachanjwa peke yake wiki iliyofuata, giza limeshaanza, tukaingia naye ziwani usiku ule ule. Mkono ulimuuma, hakuvuta nyavu siku mbili. Tulimpa mgawo nusu, na maneno tulimtania sana. Mpaka leo hanisemeshi vizuri. Je, tulikosea?
*Mvuvi, Ukerewe*

Mwangaluka, baba. Mhola duhu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na naiomba idara yoyote ya afya inayosoma ukurasa huu nayo iisome. Wewe umeeleza katika mistari sita jambo ambalo sisi wa mjini lilitushinda. Tulikuwa tunafika mialoni saa nne asubuhi na maboksi yetu ya baridi, tunakuta milango ya makuti imefungwa, tunarudi kuandika ripoti kwamba "mwitikio ni mdogo". Mwitikio gani, na watu wametoka majini alfajiri! Mvuvi wa dagaa anafanya kazi mwezi ukiwa haupo, kwa sababu taa yake haina maana mbalamwezi inapowaka. Anayetaka kumpata aangalie angani kwanza, ndipo apange ratiba. Mimi nililijua hilo kwa kuwa nimeolewa Ukerewe, na hata hivyo sikulisema kikaoni. Nilidhani wanalijua.

Kuhusu mgawo. Mlikosea, na kosa si kubwa kama unavyolibeba. Kuuma kwa mkono siku moja mbili ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote za chanjo hii. Ni misuli ya bega imechomwa, na mwili uko kazini. Kumwambia mtu aliyechomwa asubuhi avute nyavu usiku ni sawa na kumpa mgonjwa wa jino mua. Ninyi wengine mlipata siku za mbalamwezi za kupumzika, yeye hakupata. Na kama ingekuwa mmoja amekatwa na kamba kidoleni mngempa mgawo wake wote bila neno. Mpelekee nusu iliyobaki. Usimpe kama fidia, atakataa mbele za watu. Mpe kama deni ulilosahau.

Ila na mimi nina la kukuuliza. Kambini kwenu, kama kambi zote ninazozijua, kuna watu wamechanjwa chale kwa ajili ya kupata samaki, au wasizame. Nimeziona hizo alama vifuani na kwenye viwiko nikiwatibu. Neno ni hilo hilo, kuchanja. Wembe mmoja, watu wanane, dawa nyeusi inasuguliwa kwenye damu, na hakuna anayeuliza "ndani yake kuna nini?" wala anayesaini fomu. Siwatukani waganga, wengine ni ndugu zangu. Nashangaa tu kwamba mtu yule yule alinitaka nimsomee viambato vyote vya kichupa. Halafu nikajijibu mwenyewe: mganga humjua mtu kwa jina la babu yake, hukaa naye usiku kucha, humwambia "itawaka kidogo, vumilia". Sisi tulifika na koti jeupe na haraka.

Mpishi wenu mwambieni namsalimu. Kina mama waanika dagaa wa mwalo mmoja huku kwetu walipobandikiwa bango la "Ujanja Kuchanja" kwenye kichanja chao walisema wao ujanja wanao tayari, vichanja vyote ni vyao.

*

Mama Nesi, mimi ni mama lishe hapa Mwaloni. Baada ya kuchanjwa hedhi yangu ilichelewa, ikaja nzito. Niliporudi kituoni kuuliza, niliambiwa niache maneno ya vijiweni. Nilinyamaza. Nina watoto wawili sasa, wa pili nimempata baada ya chanjo, kwa hiyo sina shida. Nataka tu kujua: nilikuwa naota?
*Mama lishe, Kirumba*

Hukuwa unaota, mdogo wangu, na aliyekujibu hivyo anastahili kukuomba radhi. Kituo sikitaji. Ningeweza kuwa mimi.

Wanawake wengi duniani walisema jambo lile lile mwaka 2021, na wengi walijibiwa kama wewe, kwa sababu kwenye majaribio ya chanjo hakuna aliyekuwa amewauliza habari za hedhi. Baadaye watafiti wakaketi wakahesabu mizunguko ya maelfu ya wanawake, wakakuta kweli: mzunguko unaweza kusogea kidogo baada ya chanjo, kwa wastani chini ya siku moja, na kwa baadhi damu kuwa nyingi zaidi, kisha mambo yakarudi yalivyokuwa. Uzazi haukuguswa. Huyo wa pili anayekuvuta kanga unapokoroga ugali ni shahidi.

Lakini fikiria hasara ya jibu ulilopewa. Wewe unahudumia wachuuzi wangapi kwa siku, sitini? Mwanamke aliyeuliza swali la kweli akaambiwa ni umbea hatafungua mdomo kituoni tena. Ataongea mezani kwake, na pale mezani hakuna mtu wa kumwambia "chini ya siku moja, na itarudi". Kwa hiyo habari ya siku moja inatoka Mwaloni ikiwa chanjo inafunga kizazi, inapanda kivuko na matenga, inafika Nansio ikiwa imeua.

*

Mama, mimi ni mwalimu. Nilichanjwa Janssen Sengerema mwaka 2021, baadaye nikasoma kwamba inagandisha damu. Kichwa kiliniuma sana siku ile. Je, bado nina hatari?
*Mwalimu, Sengerema*

Hapana, mwalimu. Hatari hiyo ilikuwa ya wiki chache za mwanzo, na wewe unahesabu miaka.

Jambo lenyewe lilikuwepo, wala halikuwa uzushi. Aprili 2021 Marekani walisimamisha Janssen kwa siku 10, kwa sababu wanawake sita, kati ya dozi karibu milioni 7 zilizokuwa zimetolewa, walipata damu kuganda sehemu mbaya huku chembe sahani, zile zinazosaidia kuzuia damu kuvuja, zikishuka. Wakachunguza, wakaona faida bado inazidi, wakaendelea wakiwa wameandika onyo. Kwetu chanjo ilifika miezi mitatu baadaye, onyo likiwa linajulikana. Kilichotakiwa ni mtu wa kukuambia pale kwenye benchi: kichwa cha siku moja mbili ni kawaida, ila kikizidi kuuma baada ya siku kadhaa, au tumbo likikata sana, au mguu ukivimba, au pumzi ikibana, ndani ya wiki tatu hivi, rudi hospitali mbio. Sentensi moja. Haimalizi hata dakika 15.

Kichwa chako kilikuja siku ile ile kikaondoka, kwa hiyo kilikuwa cha kawaida. Na kama siku hiyo ulipanga foleni ya kivuko pale Busisi juani, ukitazama nguzo za daraja zikichomoza majini, basi hata bila sindano kingeuma.

*

Mama Nesi, mume wangu alikuwa dereva wa lori la samaki, njia ya Sirari. Alifariki Februari 2021, kwenye karatasi wakaandika nimonia. Alikuwa hapumui vizuri siku nne. Chanjo ilipokuja, majirani walisema, "Angechanjwa huyu, asingekufa." Sasa kila nikiona kadi yangu ya chanjo najiona nimemwacha njiani. Ningemshawishi vipi?
*Mjane, Nyakato*

Pole, mama. Pole sana.

Nitakujibu kwa tarehe, kwa sababu naona majirani wamezichanganya na wewe umezibeba zilivyochanganywa. Februari 2021 hapakuwa na dozi hata moja ya chanjo hii Tanzania. Hata ng'ambo ya Sirari, Kenya, hawakuwa wameanza; walianza Machi. Ya kwetu ilitua Julai tarehe 24. Mumeo alikuwa amezikwa miezi mitano. Hapakuwa na sindano ambayo ungemshawishi aiendee, hata ungepiga magoti, hata angekubali.

Februari ile nilikuwa mstaafu lakini nilikuwa naitwa usiku. Nilikaa na watu wanaopumua kama samaki juu ya mchanga, na tulichokuwa nacho ni kuwalaza kifudifudi na kutafuta mtungi wa oksijeni. Najua siku nne hizo zilivyo. Hukumwacha njiani. Ulikuwa umemshika mkono, nina hakika.

Hiyo kadi, kama inakuumiza, mpe mwanao akutunzie. Na jirani akirudia maneno yake, mwambie tu: Julai 24. Halafu nyamaza.

*

Shikamoo Mama Nesi. Binti yangu yuko darasa la nne, ana miaka 10. Shule imetuma barua kwamba watachanjwa chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi. Mimi ya korona ilinilaza siku mbili na hakuna aliyekuwa ameniambia. Sitaki mwanangu ayapate hayo. Tena wanasema wanataka kuwafunga kizazi mapema. Nimkatalie?
*Mama Rehema (si jina langu), Buhongwa*

Marahaba, mwanangu. Usimkatalie. Ila hasira yako ya siku mbili naichukua, ni halali.

Hizi ni chanjo mbili tofauti. Hii ya wasichana ililetwa nchi nzima mwaka 2018, wakianza wale wa miaka 14. Mwaka 2024 ilianza kutolewa kwa wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja tu. Inazuia aina za kirusi zinazosababisha saratani nyingi za shingo ya kizazi, na hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Inatolewa mapema kwa sababu inafanya kazi vizuri kabla msichana hajakutana na kirusi. Hakuna kizazi kinachofungwa. Kinachoharibu kizazi ni hiyo saratani. Nimewahi kusindikiza wagonjwa Bugando kwa mionzi, wanawake wa miaka 40 na kitu waliokuja damu imeshatoka mwaka mzima, wakidhani ni hedhi imechanganyikiwa. Mmoja alikuwa ameuza mtumbwi wa marehemu mumewe ili apate nauli na pa kufikia mjini. Sitaki kukutisha. Nataka ujue nilipokuwa nimesimama ninapokuambia ndiyo.

Sasa kuhusu siku yenyewe, na hapa nitakuambia yote. Mkono utamuuma, pengine siku mbili, na bega linaweza kuvimba kidogo pale palipochomwa. Huenda akapata homa ndogo au kichwa, akipata mpe dawa ya maumivu ya watoto kwa kipimo cha uzito wake. Wasichana wa umri huo wakati mwingine huzirai kwenye foleni, hasa mmoja akishaanguka na wengine wakamwona. Huko kuzirai ni kwa hofu na njaa, dawa haihusiki. Kwa hiyo asiende bila kula, mpe chai nzito na kiazi au michembe. Mwambie akichomwa akae, asikimbilie kucheza mpira, abaki kwenye benchi dakika zake 15 na wenzake. Avae blauzi ya mikono mifupi ndani ya sweta, asije akavuliwa nguo mbele ya wavulana.

Na usimwambie hatasikia kitu. Mwambie inauma kama kung'atwa na siafu, halafu mkono unakuwa mzito. Begi la shule la kesho yake ubebe wewe.